Siku Niliyompeleka Naibu Joshoni

Najua mnacheka. Hata kabla sijaanza mmeshaanza, kwa sababu Barasa, ambaye kwa bahati mbaya ni rafiki yangu, amewasimulia nyinyi wote wa darasa la tano mliofika muhula huu, na jambo likipita mdomoni mwa Barasa halitoki na ukubwa wake, hulilisha mpaka linanenepa (eti niliogelea na ng'ombe, eti memsahib alizimia, eti nililia mbele ya watu, hakuna aliyezimia, na kulia nililia kidogo tu, tena nyuma ya jiko). Kwa hiyo nimeona heri niandike mwenyewe, msome kwa zamu, mjue kwa nini shule nzima huniita Daktari wa Josho, kisha karatasi hii mkaifungie njugu.

Aibu yangu ilianza na mkono. Niliunyanyua, basi. Laiti siku ile mkono ungekuwa umefungwa bandeji, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Lakini lazima kwanza mumjue Naibu. Mwalimu wetu Mkuu, Mwalimu Yosia, mnamwona: kaptula imepigwa pasi mpaka ukigusa kunjo lake unaweza kujikata, soksi zimepanda hadi magotini, na akitembea hukanyaga kama anayeogopa kuamsha mtoto. Basi kwenye dirisha la ofisi yake palikuwa na chungu, na ndani ya chungu kangaga, ule mmea wa majani marefu yaliyochanika-chanika kama unyoya wa mbuni, ambao sisi nyumbani huuita majani ya mtoni na hatujawahi kuusalimia. Huu lakini ulisalimiwa. Ulitoka kwa memsahib, mke Mzungu wa bwana wa elimu kule Nakuru mjini, ambaye alipokwenda Ulaya kwa likizo ndefu alimkabidhi Mwalimu Yosia, naye akaupokea kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, kama mtu anayepewa mtoto akambatize.

Tangu siku hiyo hatukupumua. Ukipita karibu na dirisha lile ukakimbia, viboko, kwa sababu umetimua vumbi. Ukipiga kelele, viboko, kwa sababu umeushtua. Kila asubuhi Mwalimu alifuta majani kwa kitambaa chake mwenyewe na kuuambia habari za asubuhi kwa Kiingereza, nasi tulio nje tulijibu kimoyomoyo. Kwa kuwa ulikaa ofisini, haufundishi, na kila mtu aliuogopa, tukaupa jina la Naibu, yaani Naibu wa Mwalimu Mkuu. Walimu wengine walilijua jina hilo, wakajifanya hawalijui.

Sasa, mimi na Mwalimu Yosia tulikuwa na jambo letu. Siku moja kwenye gwaride nilikuwa namfuata nyuma nikiiga ule mwendo wake wa kuogopa kuamsha mtoto, shule nzima inajikaza isicheke, na nilikuwa nimefika pazuri sana pale alipogeuka. Hakunipiga. Alisema tu, polepole, "Kibet, mwisho wa mwaka nitaandika karatasi yako ya sekondari. Nitaandika ukweli." Ndugu zangu, katika shule hii hakuna mtu aliyewahi kuuogopa uongo kama mimi nilivyouogopa ukweli ule. Baba yangu alikuwa ameshaliambia shamba zima analofanyia kazi kwamba mwanawe anakwenda sekondari. Alikuwa amewaambia mpaka ng'ombe (nilimsikia).

Basi ikafika asubuhi Mwalimu alipotangaza kwamba anakwenda Nairobi kwa mafunzo, na kwamba akirudi tutakuwa na Siku ya Wazazi, na kwamba siku hiyo memsahib, ambaye sasa amerudi kutoka Ulaya, atakuja kuuona mmea wake. Akatutazama. "Nani anajua kutunza mimea? Huyo atabaki na kazi hiyo. Wengine wote watachimba choo kipya."

Mnaiona hesabu. Upande mmoja chungu kimoja, upande mwingine choo kizima. Mkono wangu ulipanda kabla mimi mwenyewe sijashauriwa.

Barasa akanong'ona, "Wee Kibet, unajua mimea gani wewe?"

"Mahindi."

"Sasa yale ni mahindi?"

"Ni majani, bwana. Majani ni majani."

Mwalimu Yosia aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa masharti kama daktari anayemwacha mgonjwa kwa wasiomjua. Asikae juani, lakini asikae gizani, apate mwanga wa pembeni tu. Asinywe maji ya bomba, kwa sababu maji ya bomba ya Nakuru yana chumvi. Anywe maji ya mvua kutoka pipa la nyuma ya ofisi. Udongo uwe na unyevu, lakini usiwe tope. Asubuhi nimnyunyizie majani kwa vidole, taratibu, kwa maana hewa ya huku ni kavu na ncha zake hukauka zikawa kahawia. Chungu kigeuzwe kidogo kila siku ili asikue akiwa ameegemea upande mmoja.

"Na uongee naye Kiingereza," akamalizia. "Amezoea."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kibet. Memsahib akimkuta mzima, nitasahau mambo ya gwaride, nami nitaandika kwamba wewe ni kijana wa tabia njema. Akimkuta amekufa..." Alifungua droo ya meza, akaitazama kalamu yake, akaifunga.

Akapanda gari la moshi kwenda Nairobi, nami nikabaki baba wa Naibu.

Mwanzo nilifanya vizuri, naapa. Nilinyunyiza, niligeuza, nilimsomea Naibu kitabu cha Kiingereza cha darasa la sita, habari za mvulana na mbwa wake. Lakini ilikuwa majira ya vumbi, lile vumbi jeupe linalopanda kutoka ziwani na kukaa hata ndani ya meno, na pipa la maji ya mvua likakauka. Mtoni ni mbali. Nikafikiri, huyu ametoka nyumbani kwa Wazungu, na mtu aliyetoka kwa Wazungu hawezi kukataa chai. Kwa hiyo kila saa nne, walimu walipomaliza chai yao, mabaki ya vikombe nilimpa Naibu (ilikuwa na maziwa, sukari sikuongeza, mimi si mjinga).

Naibu hakupenda chai. Ncha za majani zikawa kahawia, kisha jani moja la chini likawa la njano. Nikasema hii ni baridi ya ofisi, mgonjwa nyumbani kwetu hutolewa nje akaote jua. Nikamtoa. Akaota jua la mchana wote, na jioni alikuwa amejikunja kama mtu aliyepewa habari mbaya. Ndipo nilipoinua jani moja nitazame uso wake wa chini, nikaona kitu kilichonisimamisha nywele.

Vidoadoa. Vya kahawia, vya mviringo, vimevimba, vimejipanga chini ya jani kwa mistari miwili, kushoto na kulia, kila mstari umenyooka. Nikainua jani la pili: vilevile. La tatu: vilevile. Nikamwita Barasa kutoka kwenye shimo la choo.

Barasa aliinama, akatazama, akajipangusa udongo mikononi. "Hao ni kupe."

"Kupe kweli?"

"Wewe ndiye mtoto wa mtu wa josho, unaniuliza mimi? Tazama rangi. Tazama tumbo. Wameshiba kabisa."

Na kweli, kitu cha kahawia kilichovimba na kung'ang'ania upande wa chini usioonekana, kama si kupe ni nini? Nimekua nikiwang'oa kupe kwenye masikio ya ndama. Kilichonishangaza ni nidhamu yao tu. Kupe wetu hukaa ovyo, mmoja huku, watatu kule, lakini hawa walikuwa wamepanga foleni, nikasema bila shaka ndivyo kupe wa Ulaya wanavyofundishwa.

Nilijaribu kumng'oa mmoja kwa ukucha. Akasagika, akawa unga. "Umekawia," Barasa akasema. "Wameshakausha damu yake."

Sasa niambieni, mtoto wa Bonde la Ufa, ambaye baba yake ndiye anayesimamia josho la shamba lile kubwa la njia ya Njoro, akiona kupe, atakwenda wapi? Kwa mchungaji wa kanisa?

Jumamosi ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe. Wenzangu waliposhuka shimoni, mimi nilijitwika Naibu kichwani na kushika njia, na Barasa akatoroka kazi akanifuata kwa sababu hakutaka kukosa. Akina mama waliokuwa wakichuma maua ya pareto wakasimama wakatutazama.

"Kijana, unapeleka mboga wapi?"

"Si mboga, mama. Ni mgonjwa."

"Basi mpikie uji!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kama hujaona josho, ni mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa, yamechafuka kwa samadi, yananuka mpaka machozi yanakutoka. Ng'ombe hupitishwa kwenye uchochoro wa mbao mmoja mmoja, huruka ndani, huzama mpaka pembe, huogelea na kutokea upande wa pili wakijitikisa. Pale ndipo husimama Baba, na buti zake za mpira, na fimbo, na mkebe wa rangi nyekundu wa kuwapaka alama waliokwisha kuoga. Baba ana imani na josho lile kuliko watu wengine walivyo na imani na hospitali.

"Hiyo ni nini?" akaniuliza bila kumwachia ndama aliyekuwa amemshika mkia.

"Ni ya Mwalimu Mkuu, Baba. Iko na kupe."

Akamwachia ndama. Akaja, akainua jani, akalitazama huku amefinya jicho moja. Na sasa nitawaambia ukweli: nilitarajia atanifukuza. Nilitaka kidogo anifukuze. Lakini nilimwona kifua chake kikipanda.

"Mwalimu Mkuu mwenyewe amekutuma? Kwa mimi?"

Hapo ningesema hapana. Hapo palikuwa pazuri sana pa kusema hapana.

"Ndiyo, Baba."

"Mwaona!" akawageukia wachungaji wa ng'ombe. "Nyinyi mnasema hii kazi ni ya mavi ya ng'ombe tu. Watu wa kusoma wenyewe wanaleta!" Kisha akaniambia, kwa sauti ya kazi, "Kupe ni kupe. Ingia mstari, nyuma ya ule mtamba mwekundu."

Nikaingia. Nilisimama kwenye uchochoro na chungu changu, mbele yangu mtamba, nyuma yangu fahali aliyekuwa akinipulizia shingoni, na Barasa juu ya ua amejishika tumbo. Zamu yetu ilipofika, Baba mwenyewe alikishika chungu.

"Mimi nashika matako, wewe shika shingo. Tumbukiza mpaka kichwa. Kichwani ndiyo kupe inajificha, kwa masikio."

Naibu akazama. Povu likapanda. Alipotoka alikuwa na rangi ya samadi na jani moja limeelekea mashariki. Baba akamtikisa, akaona ncha moja haikulowa, akamtumbukiza tena. Kisha akamsimamisha kwenye sakafu ya kukaushia pamoja na ng'ombe wengine, akachovya kijiti kwenye mkebe, akampaka chungu alama nyekundu ubavuni, kubwa, ya kuonekana kutoka mbali.

"Waambie asirambwe," akasema. "Na unawe mikono. Na msalimie sana Mwalimu."

Siku iliyofuata ofisi ilinuka zizi. Siku nyingine Naibu akainama. Kisha majani yakawa meusi, yakaanza kuanguka moja moja, na kila lililoanguka niligeuza nikatazama: kupe walikuwa palepale, wamekufa bila kuvunja mstari. Ilipobaki kidogo Mwalimu arudi, Naibu alikuwa na upara. Palibaki kishina tu kama kidole cha mzee, na chungu chenye rangi nyekundu.

Usiku ule niliiona ile kalamu ya Mwalimu ndotoni. Ilikuwa ndefu kama mlingoti wa bendera.

Aliyenipa dawa ni Barasa, na sasa hasemi hivyo akisimulia. "Si mtoni yapo majani mengi kama haya?" akasema. "Chukua, funga."

Tukaenda mtoni, chini ya daraja la Njoro, na kweli kando ya maji yako makangaga ya kutosha kulisha shule. Lakini nilipoinua jani la kwanza, karibu nipige kelele: kupe! La pili, kupe! Mto mzima ulikuwa na kupe. Tukatafuta kwa jasho yale laini, machanga, masafi, yasiyo hata na kidoa kimoja, nikayafunga kwenye kishina kwa uzi mweusi wa kushonea mpira, jani baada ya jani, nikafunika mafundo kwa udongo, na ile alama nyekundu nikaigeuzia ukutani. Ukisimama mlangoni, Naibu alikuwa amefufuka. Shida ni kwamba jioni alinyauka, kwa hiyo kila asubuhi nilikimbia mtoni kumletea kichwa kipya.

Mwalimu Yosia alirudi jioni ya kuamkia Siku ya Wazazi. Alisimama mlangoni mwa ofisi, nje giza linaingia, akavua kofia. "Good evening," akauambia mmea. Kisha akanigeukia na, wenzangu, macho yake yalikuwa na maji. "Amenenepa! Kibet, nilikudhania vibaya." Akaniwekea mkono begani. "Kesho utasimama mbele ya wazazi ueleze ulivyomtunza. Memsahib asikie."

Nilimwambia nina kifua. Akasema nitakunywa maji.

Kesho yake wazazi walijaa, akina mama kwenye nyasi, wazee kwenye mabenchi, na benchi la mbele kabisa, ndani ya koti lake refu la kaki na buti zilizopakwa mafuta, Baba. Memsahib alikuwa mama mnene mwenye kofia pana na mkono unaopenda kushika vitu. Juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, Naibu, na kichwa cha asubuhi ile ile, alama nyekundu nimeielekeza nyuma.

Nikasimama. Nikasema kangaga ni mmea unaopenda heshima. Nikasema hataki jua wala giza, hataki maji ya bomba. Nikasema, kwa sauti nzito, kwamba watu wasiojua humpa chai, jambo ambalo ni ujinga mkubwa. Mwalimu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno kama anayemsikiliza mwanawe akisoma Biblia. Nikaanza kuamini mwenyewe. Nikasema, "Na matatizo yake huisha ukiwa mwaminifu."

"Sema na josho!" sauti ikatoka benchi la mbele.

Nikakohoa.

"Josho!" Baba akarudia, akinisaidia. "Umesahau josho!"

Mwalimu Yosia akamtabasamia kama mtabasamuvyo kwa mzee anayesinzia kanisani. Nikamaliza haraka, watu wakapiga makofi, nami nilikuwa nimeshageuka kwenda kukaa pale memsahib aliposimama akaja mezani.

"Zuri sana, zuri sana," akasema, akapitisha kidole chini ya jani. Akainama. Akainua jani lingine. "Lakini wapi ile doti yake? Ile doti ya rangi ya chai, chini ya majani? Zamani ilikuwa mingi sana. Ile ndiyo mbegu yake."

Nikarudi mezani.

"Mbegu?" nikasema. Na mdomo huu, ambao sijui uliumbwa na nani, ukaendelea peke yake: "Zile kupe?"

Baba akasimama. Mungu wangu, jinsi alivyosimama! Alivuta koti, akaweka kofia kifuani.

"Memsahib, usiogope. Kupe ilikwisha. Mwalimu Mkuu alinitumia, na mimi mwenyewe natumbukiza kwa josho, pamoja na ng'ombe ya bwana, mara mbili, mpaka kichwa. Hakuna moja ilibaki. Alama yangu iko hapa." Akaja mbele, akakishika chungu, akakigeuza ili watu wote waone ile rangi nyekundu, na kwa kuwa Baba amezoea kugeuza fahali, alikigeuza kwa nguvu.

Naibu akapukutika. Jani moja, la pili, kisha yote kwa pamoja, yakaning'inia kwenye nyuzi zake kama nguo kwenye kamba. Memsahib alibaki na jani mkononi, na kutoka kwenye jani uzi mweusi mrefu, na mwisho wa uzi kishina. Aliuvuta kidogo. Kishina kikaitika.

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa wazee, kikaingia shuleni kama moto kwenye nyasi kavu. Barasa alilala chini. Mimi nilitafuta lile shimo la choo kwa macho, nikaona liko mbali. Baba alisimama na chungu chake, akitazama huku na huku, bado anatabasamu, kwa sababu hakujua bado kwamba wanamcheka na yeye. Hapo ndipo nilipoumia. Kunicheka mimi ni sawa, ndiyo kazi yangu. Lakini nilimwona akianza kujua, nikaona ile kofia inashuka polepole kutoka kifuani.

Nikasema kwa nguvu, "Mwalimu hakumtuma mtu! Baba hana kosa, ni mimi nilimdanganya!"

Kicheko kikapungua. Memsahib alikuwa bado ameshika uzi. "Wewe toa hii majani wapi?"

"Mtoni, memsahib."

"Mto gani?"

"Pale Njoro. Chini ya daraja."

Akanitazama, akalitazama jani, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Mimi pia!" akasema. "Ile ya kwanza, mimi chimba pale pale! Siku ya chakula ya kula kando ya mto!" Akacheka mpaka kofia ikamfunika macho (hapo ndipo Barasa anaposema alizimia).

Mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama Mwalimu Yosia. Alikuwa amekaa. Nadhani alikuwa akihesabu zile asubuhi zote, yeye na kitambaa chake, akimwamkia kwa Kiingereza mzaliwa wa Njoro.

Tulipokuwa tukisindikiza wazazi, Baba alitembea kofia ikiwa mkononi mpaka njia panda.

"Kwa hiyo haikuwa kupe."

"Ilikuwa mbegu, Baba."

"Mbegu gani inakaa kama kupe?" Akatembea kidogo. "Na sekondari?"

Nikapiga teke jiwe la njiani. Hakuuliza tena.

Viboko nilivyopata sitavihesabu hapa, vilikuwa halali. Baada yake Mwalimu alifungua droo, akatoa karatasi tupu na ile kalamu, akaviweka mezani ili nivione. "Utachimba choo mpaka kiishe. Kisha utakwenda mtoni, utachimba mmea mzima na mizizi yake na udongo wake wa majani yaliyooza, utaupanda na kuutunza. Siku zile doti zitakapotokea kwenye jani jipya, nitaandika. Zisipotokea, sitaandika kitu."

Ndivyo ilivyokuwa mimi, mtoto wa mtu wa josho, nikawa naomba kila siku nipate kupe. Nilibeba maji mtoni. Niliweka vipande vya makaa chini ya chungu ili maji yasituame. Nilinyunyiza asubuhi, niligeuza, nilimfukuza mwalimu wa hesabu aliyetaka kumimina chai yake mle. Majani yalichomoza yamejikunja kama mkia wa kinyonga, yakajifungua, nami nikalala chali chini yake nikitazama. Hakuna. Wiki zikapita, hakuna. Siku moja nikaona doti moja! Ya kahawia, ya mviringo! Nikaigusa kwa kijiti, nayo ikatembea. Ilikuwa kupe, kupe hasa, kutoka kwa mbwa wa mlinzi.

Wakati karatasi za sekondari zilipokuwa karibu kupelekwa mjini, niliinua jani, na chini yake, kushoto na kulia, ile foleni. Nikasubiri. Haikutembea. Nikamwita Mwalimu Yosia kwa sauti iliyoleta shule nzima. Alikuja na miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akafuta jani kwa kitambaa chake, akakohoa, akasema chinichini, "Hujambo." Kwa Kiswahili.

Akaandika. Alinionyesha kabla hajaifunga bahasha: *Kijana huyu hukosa kwa bidii zaidi kuliko wenzake wanavyofaulu. Mkimpokea, msimpe mimea.* Nakwenda sekondari, basi, na mkutano wowote nitakaokuwemo huko, mtu akiuliza ni nani anayejua jambo fulani, nitakuwa nimekalia mikono yangu yote miwili.

Lakini Barasa, mdomo wake haujapumzika, alimpelekea Baba habari kwamba vile vidoadoa vimerudi, na jana nimepata salamu: josho limetiwa dawa mpya, nilete ule mmea Jumamosi, hata asubuhi mapema kabla ya ng'ombe. Sikutaka kubishana naye tena habari za mbegu. Nimemrudishia jibu kwamba huyu ana mimba kubwa, na Baba, ambaye maisha yake yote hajawahi kumtumbukiza joshoni ng'ombe aliye karibu kuzaa, amejibu kwamba nimefanya vizuri kumwambia, basi asisumbuliwe, na akizaa tumjulishe.